Maktaba ya tawi baada ya kujengwa upya: maoni ya mwalimu wa kisomo

Nianze na hukumu, asije mwenye haraka akapotezewa muda. Jengo jipya la maktaba yetu ya tawi ni zuri, linajaa watu, na limewarudisha wengi waliokuwa wamelikatia tamaa lile la zamani. Ila walipolifungua walitangaza kwamba litakuwa mahali pa jamii kukutana, na kwa kipimo hicho kazi imefika nusu. Nusu iliyofanyika imefanyika vizuri mno. Iliyobaki inaweza kukamilishwa bila kubomoa ukuta hata mmoja, ndiyo maana naandika kirefu namna hii.

Mimi ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu wanajifunza kusoma na kuandika wakiwa wakubwa: wapo wenye wajukuu, wapo vijana walioacha shule mapema, yupo fundi stadi anayepima pembe kwa jicho lakini hadi majuzi hakuweza kusoma maelekezo ya mashine yake. Tunakutana maktabani jioni, kila wiki, na tulikuwa tukikutana humo hata kabla ya ujenzi. Kwa hiyo siitazami maktaba kama mtu anayekuja kuazima kitabu na kuondoka. Mimi nahitaji meza, viti, mlango unaofungika, na saa mbili bila bughudha.

Mlango ndio sifa ya kwanza. Zamani ulipanda ngazi za mawe, ukapita geti la chuma, ukakuta meza ya mlinzi aliyekuuliza unataka nini. Ni swali dogo, lakini mtu asiyejua kusoma akiulizwa maktabani anataka nini, hana jibu analoweza kulitoa mbele za watu. Nimewaona wakigeukia pale pale. Sasa sakafu ya ndani iko sawa na njia ya nje, mlango ni mpana kiasi cha kiti cha magurudumu kupishana na kigari cha mtoto, na kitu cha kwanza kukiona ni meza ndefu ya magazeti iliyozungukwa na watu. Mlinzi yupo, amesogezwa pembeni, na kazi yake kubwa sasa ni kusalimia. Unaingia, unakaa.

Hilo la kukaa bila kuulizwa kwangu ndilo moyo wa jambo lote. Mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, alieleza mwaka 1989 kwamba watu wanahitaji mahali pa tatu, mbali na nyumbani na kazini, pa kukaa na kuzungumza bila ratiba. Mifano yake mingi ilikuwa mikahawa, baa na vinyozi, mahali ambapo mwisho wa yote lazima utoe pesa. Maktaba ya umma ni miongoni mwa nafasi chache mno zenye paa ambamo mtu anaweza kukaa tangu asubuhi hadi milango inafungwa bila kununua kitu. Juu ya lango la maktaba ya umma ya Boston, kwenye jengo lililofunguliwa 1895, yamechongwa maneno yanayotangaza kwamba ni bure kwa wote. Kutolipa ni hatua ya kwanza; kutohojiwa ni ya pili, na jengo letu jipya limeipiga hatua hiyo barabara.

Ile kaunta ndefu iliyokuwa boma kati ya wakutubi na wasomaji imeondolewa. Karibu na mlango kuna mashine za kujiazimia vitabu, na wakutubi wanazunguka ukumbini. Wapo wanaohofu kwamba mashine hizo zimeletwa ili kupunguza wafanyakazi. Hapa, walau hadi sasa, zimewapa wafanyakazi muda. Mkutubi mmoja, mama mwenye sauti ya upole, ana desturi ya kukaa kando ya mtu badala ya kusimama mbele yake. Mwanafunzi wangu mpya alipotaka kadi ya uanachama hakumsukumia fomu. Alivuta kiti, akamwuliza jina, akaliandika yeye mwenyewe, kisha akamgeuzia karatasi aone jina lake linavyoandikwa. Bwana yule aliomba nakala ya ile karatasi, anayo hadi leo ndani ya daftari. Hakuna msanifu majengo anayeweza kuchora upole wa namna hiyo kwenye ramani, lakini aliyeiondoa kaunta ndiye aliyeacha nafasi ya kuvuta kiti.

Malalamiko yangu yanaanzia kwenye vibao vya kuelekeza watu. Vimeandikwa kwa herufi nyembamba za kijivu juu ya ukuta mweupe, maneno matupu. Katika picha zilizosambazwa siku ya ufunguzi vilionekana maridadi sana. Kwa darasa langu ni kama havipo. Anayejifunza kutofautisha b na d hawezi kusoma kibao cha namna hiyo kutoka upande wa pili wa ukumbi, na mwenye macho ya uzee hawezi pia. Vyoo vimewekewa zile alama za mtu zinazojulikana kila mahali, na nashukuru, maana viko chini, ni safi, na haviombewi ufunguo. Lakini lifti, chumba cha kompyuta, sehemu ya watoto na vyumba vya mikutano vyote vimeachiwa maneno. Maktaba inayowaita watu wote ianze kwa kukubali kwamba baadhi ya watakaoitika hawasomi, au hawasomi lugha hiyo, au hawaoni vizuri. Picha, rangi moja kwa kila ghorofa, herufi nene nyeusi: fundi rangi anaimaliza kazi hiyo ndani ya siku chache.

Katikati ya ukumbi kuna ngazi pana za mbao ambazo ni njia na papo hapo ni viti, mtindo ulioenea sasa katika maktaba nyingi mpya duniani. Vijana wanazipenda, wanajinyoosha juu yake na kompyuta zao, na mtu akija kutoa mhadhara wasikilizaji wanapata pa kukaa bila kupanga kiti hata kimoja. Wazee wangu hawawezi. Hakuna pa kuegemea, hakuna pa kushika wakati wa kuinuka. Mwenye magoti mabovu anahitaji kiti cha kimo cha sentimita 45 hivi, chenye mikono ya kujisukumia. Viti hivyo vimenunuliwa, tena vizuri, ila vyote viko ghorofa ya juu, mbali na mazungumzo. Basi ukumbi umewatenga wazee na vijana bila yeyote kukusudia. Vishushwe vichache vikae kuzunguka mguu wa ngazi, na siku za mhadhara wazee wawe mstari wa mbele.

Sauti ni tatizo kubwa zaidi, na watu wanalijadili vibaya. Pale ukumbini nimewasikia wasomaji wawili wakishindana: mmoja anataka maktaba irudi kuwa mahali pa kimya, mwenzake anasema kimya ndicho kilichowafukuza watu. Wote wana haki. Jengo ndilo linalowagombanisha. Sakafu ni saruji iliyong'arishwa, dari ni zege tupu, upande mmoja wote ni kioo. Vitu hivyo havimezi sauti, vinairudisha. Neno linabaki hewani kitambo, linakutana na linalofuata, watu wanapaza sauti ili wasikike, na jirani zao wanapaza zaidi. Sehemu ya watoto nayo iko chini, kando ya ule uwazi unaopanda moja kwa moja hadi paa, kwa hiyo saa ya hadithi inasikika kila ghorofa. Watoto wanaimba na kupiga makofi, kama inavyowapasa. Juu, kijana anayejiandaa kwa mtihani ameziba masikio kwa vidole.

Kwingine dawa imepatikana. Mjini Tilburg, Uholanzi, maktaba iitwayo LocHal ilifunguliwa mwaka 2019 ndani ya karakana ya zamani ya vichwa vya treni, jumba la chuma na kioo ambalo lingeachwa hivi hivi lingekuwa mwangwi mtupu. Walitundika mapazia makubwa mno yanayosogezwa: yakivutwa yanakata ukumbi kuwa vyumba na kuituliza sauti, yakifunguliwa ukumbi unarudi kuwa mmoja. Helsinki, Finland, nako, maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa 5 Desemba 2018, iligawa shughuli kwa ghorofa. Chini ni pa kupita na kukutana. Katikati kuna cherehani, printa za 3D, studio za muziki na vyumba vya michezo. Juu kuna vitabu vipatavyo 100,000 chini ya dari nyeupe iliyopindapinda, na watoto wana sehemu yao huko huko juu. Hakuna aliyedai kimya cha makaburini katika jengo lile. Ngoma na gitaa zimewekwa nyuma ya milango, mengine yanavumiliana.

Sisi hatuhitaji makubwa hayo. Pazia moja zito kuzunguka sehemu ya watoto, zulia chini yao, vibao vya kufyonza sauti kwenye dari ya ukumbi, na chumba kimoja, hata kiwe kidogo, ambacho kimya humo ni sheria. Hicho chumba cha kimya nakisisitiza. Nyumba nyingi zina watu wengi kuliko vyumba, na anayetoka humo kuja kusoma naye ni jamii.

Sasa nifike kwenye vyumba vya mikutano, ambavyo ndivyo vilivyonifanya niandike. Viko vinne, vimepangana kando ya korido kuu, na kuta zake za mbele ni kioo kuanzia sakafuni hadi darini. Nia yake naielewa na naiheshimu: mpita njia akiwaona watu wanajadili kitabu au wanajifunza kufuma, atavutiwa kuingia. Kwa kikundi cha wafumaji imekuwa hivyo hasa. Walikuwa wachache, wamejaa, na wengi wa waliojiunga wanasema waliwaona kupitia kioo.

Darasa langu lilipohamia mle ndani mambo yalikwenda kinyume. Mtu mzima mwenye mvi anaandika silabi ubaoni kwa herufi kubwa, mkono unatetemeka, na nyuma yake wanapita majirani, wafanyakazi wenzake, wanafunzi waliotoka shule. Baba mmoja ambaye watoto wake wanasoma karibu na hapo alikuwa akichagua kila mara kiti cha pembeni, mgongo kwa korido, kofia imeshushwa. Jioni moja mwanawe alipita na wenzake. Hakuna kilichotokea, pengine hata hawakumwona. Lakini alikusanya daftari lake taratibu, akaliingiza ndani ya shati, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi naomba niwe nakuja nyumbani kwako." Nyumbani kwangu hapatoshi darasa. Na hata pangetosha, yeye ana haki ya kukaa maktabani kama mwingine yeyote.

Wabunifu wengi wa majengo ya umma wanapenda uwazi, na wanaposema uwazi wanamaanisha ukarimu. Ila kuonekana kunawafaa wenye jambo wanalopenda lionekane. Wapo wanaohitaji kukutana bila kutazamwa: waliofiwa wanaoliwazana, wanaojitahidi kuacha pombe, mama anayenyonyesha, mtu anayetafuta ushauri wa sheria kuhusu ndoa yake, mgeni anayejaza maombi ya msaada huku analia. Hao hawana pesa ya kukodi ofisi. Mahali pa bure ndipo pao kuliko mtu mwingine yeyote, na jengo limewaweka dirishani.

Yule mkutubi mpole alitubandikia karatasi za kaki kwenye kioo, kimo cha mtu aliyeketi. Darasa likarudi, baba yule akiwemo. Baadaye uongozi uliziondoa kwa maelezo kwamba zinaharibu sura ya jengo, na kwa sura ni kweli, zilikuwa mbaya. Kuna njia nzuri zaidi: ule utando wa plastiki wenye ukungu unaobandikwa kwenye vioo vya ofisi, uanzie karibu na sakafu hadi sentimita 140 hivi. Aliyekaa hatambuliki. Sehemu ya juu inabaki wazi, mwanga unapita, na mfanyakazi anayepita anajua chumba kina watu na wako salama. Vyumba viwili viwekewe hivyo, viwili vya wafumaji na wajadili vitabu viachwe kama vilivyo, na mbao za kuandikia zihamishiwe ukuta ambao korido haiuoni. Nimeuandikia uongozi pendekezo hilo kwa barua, pamoja na saini, alama za vidole na majina ya wanafunzi waliokubali, na baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza kuandika majina yao kwenye barua rasmi.

Mwanga wa vyumba hivyo nao urekebishwe. Taa zimepangwa mstari mmoja nyuma ya migongo ya waliokaa, kwa hiyo unaandika ndani ya kivuli cha bega lako. Kiwango cha Ulaya cha mwanga wa sehemu za kazi kinataka lux (kizio cha kupimia mwanga) 500 penye kusomea maktabani na 200 kwenye rafu. Sikubeba kipimo, lakini ghorofa ya juu, mezani kando ya madirisha, wazee wangu wanasoma bila kuinamia karatasi, na mle ndani wanaiinamia.

Rafu nazisifu bila masharti. Zinafika kifuani tu, kwa hiyo ukisimama unaona upande wa pili, na aliye kwenye kiti cha magurudumu anafikia karibu kila kitabu. Zina magurudumu yenye breki. Jioni ya mhadhara watu wawili wanazisukuma kando kwa dakika chache, ukumbi unapatikana, na kesho asubuhi vitabu viko mahali pake.

Wapo waliosikitika kwamba vitabu vimepungua ili kuwapisha watu. Nami sipendi vipungue zaidi ya hapo, na sababu yangu si ya kawaida. Kitabu ni kibali cha mtu kukaa peke yake mbele za watu. Aliyekaa mikono mitupu katika ukumbi wa umma anajihisi anatazamwa. Akishika kitabu ana shughuli. Nimewaona wapweke wengi wakianza hivyo, wamejificha nyuma ya gazeti au riwaya, baadaye salamu, baadaye wanahamia meza yenye wenzao. Ukiondoa vitabu ili kutengeneza nafasi ya mikutano, unapata ukumbi unaowafaa waliokwisha kufahamiana tu. Maktaba kuu ya Seattle, Marekani, iliyofunguliwa 2004, haikuchagua kimoja. Ina ghorofa waliyoiita sebule, pana na ya wazi kwa kila mtu, na juu yake vitabu vya maarifa vimepangwa kwa mfululizo mmoja kwenye njia ya mteremko inayozunguka ghorofa nne, bila kukatwa.

Kwa vitabu vya wanafunzi wangu kulikuwa na kosa la mpangilio ambalo sasa limesahihishwa. Vitabu vyepesi, vyenye herufi kubwa na sentensi fupi, vyote vilikuwa sehemu ya watoto. Mtu mzima aliyetaka kujisomea ilibidi avuke katikati ya watoto walioketi mkekani, achague kitabu chenye picha ya sungura, arudi nacho. Mkutubi ametenga rafu ndogo karibu na vyumba vya mikutano, yenye habari za afya, kilimo, ufundi na hadithi fupi za watu wazima, kwa lugha nyepesi. Haina kibao chochote juu yake. Wanaoihitaji wanajua ilipo.

Ubao wa matangazo ya watu unasikitisha. Umewekwa ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, ufunguo uko makao makuu, na tangazo lolote lazima lipelekwe huko likapigwe muhuri. Mambo yaliyobandikwa yamepitwa na wakati, na darasa letu halijatangazwa hata mara moja. Nalinganisha na Dokk1, maktaba ya Aarhus, Denmark, iliyofunguliwa 2015. Humo ndani imening'inizwa kengele kubwa ya umbo la bomba, na hospitali ya mji ina kitufe: mtoto akizaliwa, wazazi wakipenda wanakibonyeza na kengele inalia maktabani. Watu waliokaa na vitabu vyao wanajua mji umepata mtu mpya. Jengo hilo hilo lina ofisi za huduma za wananchi, hivyo anayefuata pasipoti yake anapita katikati ya wasomaji. Sisi hatuna kengele na hatuidai. Ubao wa mbao laini, pini, na ruhusa ya mkutubi wa zamu kuondoa yaliyopita muda, vinatutosha.

Saa za kufungua ndizo zinazoniumiza zaidi. Siku nyingi milango inafungwa wakati watu wanatoka kazini. Jioni ya darasa letu ni ya upendeleo, siku moja tu, na mara nyingine mlinzi anaanza kuzima taa tukiwa bado tunasoma. Jengo la gharama kubwa namna hii linakaa giza saa zile zile ambazo watu wana nafasi ya kukutana.

Si wazo geni kwamba maktaba iwe na ukumbi unaojitegemea. Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani, aligharimia maktaba zaidi ya 2,500 kati ya 1883 na 1929, na nyingi hazikuwa za vitabu peke yake. Ile ya Braddock, Pennsylvania, iliyofunguliwa 1889 na kupanuliwa miaka iliyofuata, ilikuwa na ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Mwaka 1911 katibu wa Carnegie, James Bertram, alitoa kijitabu cha mwongozo kwa miji iliyotaka kujenga, na humo ukumbi wa mihadhara ulikuwa na nafasi yake ghorofa ya chini kabisa. Denmark leo maktaba nyingi ziko wazi hata baada ya wakutubi kwenda nyumbani. Mwanachama anafungua mlango kwa kadi yake. Sidhani kila mahali panaweza kuiga hilo, na nisingependa lifanywe kisingizio cha kupunguza wakutubi. Lakini jengo letu lina mlango wa pili, upande wa vyumba vya mikutano, wenye vyoo vyake, unaoweza kufungwa usiwasiliane na sehemu ya vitabu. Umechorwa kwa kazi hiyo kabisa! Tangu ufunguzi sijauona ukitumika ila siku ya kuingiza samani.

Utaratibu wa kuomba chumba nao ufupishwe. Ni wa mtandaoni tu, unataka barua pepe, jina la taasisi, lengo la mkutano na orodha ya wahudhuriaji, na jibu linachukua wiki mbili. Kikundi cha akina mama wanaotaka kukutana wazungumze hakina lengo la kuandika katika kisanduku kile. Pawepo daftari kwa mkutubi wa zamu, na chumba kisichoombwa kiwe cha aliyefika.

Hakuna aliyekuja darasani kwetu kutuuliza kabla ya ramani kuchorwa, na nadhani vioo, vibao na saa vyote vinatokana na hapo. Tower Hamlets, mashariki mwa London, walipotaka kubadili maktaba zao waliwauliza wakazi kwanza. Walijibiwa kwamba ziwe karibu na maduka na ziwe wazi muda mrefu zaidi. Ndipo zikazaliwa zile walizoziita Idea Store: ya kwanza Bow mwaka 2002, na ya Whitechapel, kazi ya msanifu David Adjaye, mwaka 2005, kando ya soko, maktaba na madarasa ya watu wazima chini ya paa moja. Uongozi wetu umesema kuna awamu ya pili ya marekebisho. Kabla yake, msanifu aje akae nasi jioni moja, kwenye kile kiti cha pembeni, mgongo kwa korido.

Kwa anayetaka kwenda: asubuhi za siku za kazi ndizo tulivu zaidi, na meza bora ni za ghorofa ya juu upande wa madirisha, zina soketi na waifai inashika vizuri. Mwenye watoto wadogo aende saa ya hadithi. Hatatakiwa kuomba radhi wala hatakaripiwa. Mwenye magoti mabovu apande lifti, iko nyuma ya ngazi za mbao, mkono wa kulia, haina alama. Anayetaka kujifunza kusoma, au mwenye mzazi au jirani anayetaka, amwulize mkutubi yeyote kuhusu darasa la jioni. Atapelekwa hadi mlangoni, hana haja ya kuandika chochote.